Mgeni wa Nyumba Iliyotengwa

Siku ile walikuwepo hawa. Mimi, nimekaa mlangoni nachambua maharage. Mwanangu Bonifasi, zizini. Mkewe Elizabeti, ndani, amelala ameelekea ukutani. Huyu ni binti wa wafugaji wa Hanang, upande wa Basotu, na hapa kwetu hana mama wala dada. Mzee Hhawu, mkubwa wa ukoo wetu, ambaye baba yake na baba mkwe wangu walinyonya ziwa moja; yeye alisimama nje ya ua wa minyaa, maana ndani hakuruhusiwa mtu. Dahaye, jirani yangu wa bondeni, mtoto wa dada yake marehemu mume wangu. Alikuwa ameleta unga na kuuacha nje ya ua. Paulo katekista, aliyeoa kwa kina Dahaye. Alikuwa njiani, kofia mkononi, anasali. Jumanne dereva, mtu wa Singida, hana undugu na yeyote hapo isipokuwa undugu wa kupewa chai. Na Mheshimiwa, aliyeingia.

Nawataja wote kwa sababu Jumamosi hii wanatakiwa tena kwangu, hapa Endagikot, asikosekane mmoja. Ndani kuna mtoto mchanga wa Elizabeti na anakohoa. Hospitali Mbulu wamempima, wamesema ni mafua, wametupa dawa ya maji na tunampa kama walivyosema. Mimi sibishani na hospitali. Lakini kila akikohoa, moyo wangu unaanza kuita watu majina.

Jina la Mheshimiwa sitaliandika. Nalijua, na la babu yake nalijua, na lile aliloitwa na wachunga ndama wenzake nalijua pia, ingawa hilo hata angekuwa adui yangu nisingelisema. Ila mtu ambaye jambo lake halijaisha, sipendi kuliweka jina lake kwenye karatasi. Tumwite Mheshimiwa. Mwenyewe alilipenda, hata mama yake mzazi alimwita hivyo, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea.

Alikuwa mwalimu, akawa diwani, akawa mbunge wa jimbo letu vipindi vitatu. Katika hayo yote tulikuwa karibu kwa sababu moja: yeye majina hayakumkaa na mimi majina hayanitoki. Shule niliishia darasa la nne, hesabu zilinishinda, lakini mtu nikiambiwa jina lake mara moja nitakuambia na la shangazi yake. Jumapili akija kutoka Dodoma alisimama karibu nami nje ya kanisa, akawa anatabasamu mbele huku sikio ameliinamisha kwangu.

"Mama Bonifasi, huyu anayekuja na koti?"

"Baran, mtoto wa mama Sabina. Mkewe amejifungua."

"Baran, hongera bwana. Mama Sabina amepata mjukuu na hamnipigii simu?"

Baran alitembea wiki nzima akisema Mheshimiwa anamfahamu mpaka jikoni.

Kuna Jumapili nilikuwa na homa, sikwenda. Wakanisimulia. Alimshika mtu mmoja mkono akampa pole nzito ya kufiwa na mama yake, na huyo mama amesimama nyuma ya mwanawe na kikapu cha mayai. Mama akamjibu, "Asante baba. Nikifika huko nitawaambia umenisindikiza mwenyewe." Watu walicheka, na Mheshimiwa alicheka kuliko wote. Lakini jioni gari lake lilisimama kwangu. Hakushuka hata kuniuliza homa. Alitoa kichwa dirishani: "Mama Bonifasi, watu wanasemaje?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Shikamoo, marahaba, halafu watu wanasemaje. Aliliuliza huku anacheka, ila macho yalikuwa ya mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali anasubiri kuitwa. Wengine walimwona mtu mkubwa, gari refu, suti. Mimi niliyesimama karibu niliona jinsi anavyoshtuka simu ikilia. Alikuwa nazo mbili, na kila moja ikilia aliitazama kama nyoka. Hakukaa akaupa mlango mgongo hata nyumbani kwa mama yake. Nikamwambia siku moja, mbona hutulii, una nyumba, una ng'ombe, una jina. Akasema, "Mwanasiasa ni mtu aliyelala juu ya mti, mama. Anapumzika, lakini hageuki."

Watu wa Mbulu humkumbuka zaidi kwa kula. Wapinzani wake walikuja na vipaza sauti. Yeye alikuja na njaa. "Mkono wangu na tumbo langu ndiyo kampeni yangu," alisema. Hakusubiri sebuleni. Alipita moja kwa moja jikoni, akafunua chungu, akauliza wenye nyumba, "Mmepika nini leo, na mmenificha nini?" Ugali wa mtama, mlenda, maziwa ya mgando ya kwenye kibuyu, alikula kwenye nyumba nne za kilima kimoja, na kwenye ya nne alikula kama hajaonja kitu tangu jana. Jumanne dereva alilazimika kula naye kote huko, mpaka akaota kitambi, watu wakawa wanamsalimia yeye kwanza wakidhani ndiye mbunge. Kule Yaeda Chini, kwa wale wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, alikula asali pamoja na watoto wa nyuki, akasema tamu. Na hapo hakudanganya.

Maana kudanganya alidanganya. Barabara ya Yaeda Chini aliiahidi kila uchaguzi. Kila uchaguzi greda lilikuja, likakwangua mpaka korongoni, likarudi lilikotoka, na yeye akatangaza kwamba awamu ya kwanza imekamilika. Nilimwambia, "Mheshimiwa, hiyo awamu yako ya kwanza imeshaota mvi." Alicheka, akatazama mlangoni kama nani amesikia. Alimpa mpwa wake kazi ya ulinzi wa zahanati, kijana ambaye giza likiingia alijifungia ndani na wagonjwa. Hayo yapo, siyafichi.

Lakini mtu huyohuyo hakuwahi kumpita mama mjamzito njiani. Namkumbuka mke wa Baran ameshikwa na uchungu karibu na mto, mvua inanyesha. Mheshimiwa alishuka, akampakia yeye na mama mkwe wake kwenye gari, akamwambia Jumanne apeleke hospitali, halafu mwenyewe akapanda bodaboda na suti yake, akafika mkutanoni ana matope mpaka kwenye nyusi. Hakulisema hilo jukwaani. Nilisubiri aliseme, kwa sababu nilimjua, na hakulisema.

Sasa kuhusu mila. Alikuwa msomaji wa masomo kanisani, sauti nzuri, na kwenye mambo ya mila alikuwa mkali. Walipofungua bweni la wasichana alisimama kwenye maikrofoni akasema metimani ni jambo la kuachwa, linawatesa wanawake, linawaacha peke yao wakati wanahitaji watu. Asiyejua nimweleze. Kwetu, nyumba ikipatwa na vifo vya namna fulani, kama kifo cha mtoto ambaye bado ananyonya, nyumba hiyo inatengwa. Haiazimi moto wala haiazimwi. Ng'ombe wake hunywa maji ng'ombe wa wengine wakishaondoka. Haiingiwi, na wa ndani hawaendi kwa watu, hawashikani nao mikono, mpaka wazee waje waifungue. Hiyo ndiyo metimani. Siku ile ya bweni mzee Hhawu alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye viti vya wageni. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta blanketi lake akajifunika kichwa.

Wengi siku hizi wameiacha. Mimi ni Mkristo, rozari yangu imepauka kwa vidole. Lakini mtoto wa kwanza wa Elizabeti alipokufa, naye hajaacha ziwa, mzee Hhawu aliposema nyumba imefungwa, nilikwenda mwenyewe nikakata tawi nikalilaza kwenye njia ya kuingilia, ili mpita njia ajue. Paulo aliniambia, "Mama, sali tu, inatosha." Nikamwambia nitasali na tawi litalala. Nikaona naye hakulivuka.

Shida ilikuwa Elizabeti. Aliacha kula. Nilimpikia uji, nikampikia makande, nikamkorogea maziwa, aligeukia ukuta. Mwanamke wa rika lake wa kuja kumkalia kitandani hakuna, mama yake yuko Basotu, na hata angekuja angeishia nje ya ua. Bonifasi alikaa na ng'ombe tu, akirudi haongei. Mimi mzee nilizunguka ndani ya ile nyumba nikiogopa kwamba nitazika wawili.

Ndipo Mheshimiwa akaja. Ilikuwa kampeni za kura za maoni ndani ya chama chao, gari lina bendera, anawahi kikao Dongobesh. Alisikia msiba, akasimamisha gari. Wale niliowataja walikuwa pale.

Mzee Hhawu akamwambia, "Mheshimiwa, simama hapo. Pole inatolewa kutokea hapo."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Simama hapo."

"Mzee, pole hairushwi kama jiwe."

Akalishika lile tawi, akaliweka pembeni polepole, kama mtu anayesogeza kiti kanisani, akaingia. Mikono yangu ilikuwa kwenye maharage nikashindwa kuitoa.

"Shikamoo Mama Bonifasi. Mmepika nini?"

Alikwenda mpaka ndani, akavuta kigoda, akakaa karibu na kitanda cha Elizabeti. Nikamletea ugali na maharage ya jana. Hakula. Aliiweka magotini akakaa nayo. Simu moja ikalia mfukoni, ikanyamaza, ikalia ya pili. Mtu niliyemjua akiruka kwa simu aliziacha zote zilie.

"Elizabeti," alisema, "hao ni wajumbe wananisubiri. Wakiniuliza nimekwama wapi, nitasema nimecheleweshwa na mtu wa Basotu aliyeninyima mwenzi wa kula. Mimi nikila peke yangu nasikia taya zangu mwenyewe. Siwezi."

Ugali unapoa. Halafu yule binti akajigeuza, akakaa, akanyoosha mkono akamega. Tonge dogo kama la mtoto. Akala, akamega tena. Mimi nilitoka nje.

Wapo watakaosema alitafuta kura. Nami nimewahi kulisema hilo, nikiwa na hasira naye. Ila kama alitafuta kura, basi alizitafuta mahali pa kuzipoteza. Alipotoka alimnyooshea mkono Dahaye, na Dahaye akaficha mikono yake nyuma. Akamnyooshea Paulo, Paulo akaishika kofia yake kwa mikono miwili. Mzee Hhawu hakunyooshewa, alikuwa ameshageuka. Habari zilikwenda kwa simu zikafika Dongobesh kabla ya gari. Kule walimpigia makofi vizuri, lakini aliposhuka jukwaani mikono yote ilikuwa ndani ya makoti na mablanketi. Nyumba alizopita, akina mama walifunika vyungu wakasema chakula kimeisha, samahani sana Mheshimiwa. Mtu ambaye kampeni yake ni mkono na tumbo.

Basi akaanza kuja kula kwetu. Sisi tu ndio tulioweza kula naye, kwa sababu tulikuwa naye kwenye jambo moja. Alikuja ametoka mikutanoni, sauti imekwisha, anakaa kwenye kigoda kilekile. Elizabeti akawa anainuka kumpikia. Halafu akawa anapika kabla hajaja. Halafu siku moja nikiwa nje nikawasikia wanagombana.

"Mheshimiwa, umesema ugali wangu ni mgumu?"

"Nimesema umesimama imara kama mgombea."

"Mgombea akila hasemi. Kula."

Bonifasi alicheka huko zizini, nilimsikia, na nikashukuru Mungu na nikazidi kuogopa. Maana yule anazunguka jimbo zima akitoka kwetu. Kila nilipofikiria watoto anaowapita barabarani wakimpungia, nilishika rozari yangu.

Watu wake wa kampeni walikuja mpaka nje ya ua. Walisema mzee Hhawu yuko tayari kumfungua yeye haraka, kondoo yupo, litakwisha kwa asubuhi moja. Mheshimiwa akakataa.

"Nikifunguliwa nitakuwa nimekiri kwamba nilifungwa."

Nikamsihi mimi. "Baba, kubali. Ni kondoo tu."

"Watu wanasemaje?"

"Wanasema ukubali."

Akakoroga chai yake, akainywa, akaondoka. Mtu aliyeishi kwa kuuliza watu wanasemaje, siku moja tu aliyoambiwa jibu hakulifuata, na ndiyo siku iliyommaliza. Kura za maoni alishindwa vibaya. Akaenda Dodoma kusubiri kuteuliwa, ukuu wa wilaya au chochote, akasubiri, hakuteuliwa. Wakati wa kufunguliwa ulipofika wazee walikuja kutufungua sisi: kondoo akachinjwa, pombe ya asali ikanyunyizwa, moto wa zamani ukazimwa ukawashwa mpya. Nilimpigia aje tufunguliwe pamoja. Akasema, "Mama, msalimie Elizabeti. Mimi sina cha kufunguliwa." Mzee Hhawu alipoambiwa alisema, tumefungua nyumba na mwenzenu mmoja tumemwacha nje.

Miaka ikapita Elizabeti hakupata mimba. Sisemi kitu, nasema ilivyokuwa. Halafu amepata, amejifungua salama, mtoto wa kiume, na sasa ana kifua hiki. Mzee Hhawu alikuja kumwona mtoto. Akasikiliza kikohozi, akauliza jambo moja tu: "Yule mwenzenu yuko wapi?" Akasema waitwe wote waliokuwepo siku ile, hata wa nje ya ua, kwa kuwa mwenzetu huyo aliwanyooshea mkono.

Mheshimiwa nilimpigia nikiwa sina matumaini. Hakupokea. Siku ya Jumanne wiki hii nikasikia bodaboda chini ya mlima, nikaona mtu anapanda kwa miguu taratibu. Nilimtambua kwa koti. Lilikuwa lilelile alilokuwa akija nalo kutoka Dodoma, sasa limekuwa kubwa au yeye amepungua. Nywele nyeupe kabisa. Alisimama nje ya minyaa.

"Shikamoo Mama Bonifasi."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Hapa panatosha."

Mtu aliyefunua vyungu vya wilaya nzima. Nikamwambia tena karibu, akatikisa kichwa.

"Nimesikia mtoto amezaliwa."

"Amezaliwa. Anakohoa."

Akatazama viatu vyake. Elizabeti akatoka na mtoto kifuani, amemfunika, akasimama mlangoni pembeni yangu. Nikamweleza habari ya Jumamosi, na nani ameagiza. Nilieleza haraka, niliogopa asinikatize.

"Siyaamini mambo haya, Elizabeti," alisema. "Nilisema hadharani, kwenye maikrofoni, mbele za watu."

"Hujaombwa kuamini," Elizabeti akamjibu. "Umeombwa kuja."

Akafikiri. Halafu akauliza, "Watakuwepo nani na nani?"

Nikamtajia, kama nilivyowatajia ninyi. Bonifasi, mzee Hhawu, Dahaye, Paulo, Jumanne tumempata huko Singida amesema atapanda basi. Alisikiliza sikio likiwa limeinama upande wangu. Nilipomaliza aliendelea kungoja.

"Na yule mtoto?"

"Mtoto yupi?"

"Dahaye alikuwa na mtoto wa kike mgongoni. Aliponificha mikono, niliona aibu, nikamshika mtoto kichwani. Alikuwa na kofia ya sufu, ya njano."

Nikatafuta kichwani mwangu. Mimi, ambaye majina hayanitoki. Kofia ya njano nikaiona, na aliyekuwa ameivaa nikamwona, na nilikuwa sijamhesabu kabisa.

"Anaitwa Rehema," nikasema.

"Yupo?"

"Yupo. Yuko darasa la kwanza."

"Mzima?"

"Mzima wa nini. Jana alipanda mparachichi wangu nikamshusha na fimbo."

Mheshimiwa alitafuta pa kushika, akashika minyaa, akaiachia, akakaa chini palepale kwenye vumbi na koti lake. Hakulia. Alikaa tu, amepumzisha mikono juu ya magoti, viganja juu.

"Miaka yote hii," alisema, "sikuthubutu kumuuliza mtu."

Elizabeti alimtazama muda mrefu. Mtoto alikohoa, akatulia. "Jumamosi, asubuhi," akamwambia. "Uje hujala."

Alikubali kwa kichwa. Akainuka kwa shida, akateremka, na sikumwona akigeuka.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma. Kama nimemsahau Rehema, huenda kuna mwingine nimemsahau. Paulo anasema kulikuwa na mwanamke anapita na debe la maji, ameitikia salamu ya Mheshimiwa kwa mkono. Dahaye anasema hakuwepo mwanamke. Mimi sina uhakika, na kusema hivyo kwangu si kazi ndogo. Wewe uliyekuwa kwenye njia ile siku ile, au mama yako alikuwepo akakusimulia, ukiona nimekosea mtu au nimemwacha, nisahihishe. Usione aibu kwa sababu ya umri wangu. Ila uniambie kabla ya Jumamosi.